Maiti Husemewa

Fomu ya kifo ya Marekani hujazwa na watu wawili. Daktari, au mchunguzi wa vifo wa kaunti, huandika kilichomuua mtu. Yaliyobaki kuhusu marehemu, kuanzia jina na tarehe ya kuzaliwa hadi majina ya wazazi, ndoa, elimu, kazi na rangi yake, hujazwa na mtu wa kampuni ya mazishi. Huyu ndiye aliyekuja na gari kuuchukua mwili, ndiye atakayeuliza jeneza liwe la bei gani na ibada ianze saa ngapi, na katikati ya shughuli hizo ndiye anayeiandikia serikali kwamba marehemu alikuwa nani. Hakusomea takwimu. Mara nyingi hakuwahi hata kumwona marehemu akiwa hai.

Fomu ya mfano inayofuatwa na majimbo, ambayo ilitengenezwa upya mwaka 2003, imetungwa na watu waliojua jinsi wafiwa wanavyojibu maswali. Kwenye mstari wa kazi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba marehemu asiandikwe mstaafu. Itajwe kazi aliyoifanya sehemu kubwa ya maisha yake. Kwenye rangi kuna visanduku 15. Mjapani ana chake, Mkorea chake, Msamoa chake. Mwenyeji asilia wa Marekani ana kisanduku na mstari wa kutaja kabila lake. Mwafrika aliyeshuka kwenye ndege juzi na Mmarekani mweusi ambaye ukoo wake uko pale tangu enzi za utumwa wanakaa kisanduku kimoja. Maelekezo yanataka ndugu wa marehemu aulizwe. Lakini kumwuliza mtu aliyelia usiku kucha, "Mama yako alikuwa wa rangi gani?" ni jambo linaloona haya kutoka mdomoni. Haya hiyo ni utu mtupu. Nayo ndiyo inayomfanya mjazaji atazame uso wa maiti, au uso wa mtoto wa marehemu aliyeketi mbele yake, au jina la ukoo, kisha atie alama mwenyewe na kuendelea na swali la jeneza.

Mtu akiwa hai hujisemea. Sensa ikija anajibu mwenyewe kwamba yeye ni Mnavajo, au Mlatino, au Mfilipino, na hakuna wa kumbishia. Akifa husemewa. Mtafiti wa afya anayetaka kujua watu wa jamii fulani wanakufa kwa kasi gani huchukua idadi ya waliosemewa na kuigawa kwa idadi ya waliojisemea. Vinywa hivyo viwili vikipishana, jibu linakuwa la uongo. Na aliyeweza kuusahihisha uongo huo ndiye huyo aliyezikwa.

Naanza na watoto, maana kwao jambo hili linauma zaidi. Mwaka 1992, Robert Hahn na wenzake wa kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa walitoa utafiti katika jarida la JAMA. Waliwachukua watoto waliozaliwa kati ya 1983 na 1985 wakafa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wakaweka cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha kila mtoto sambamba. Kwa watoto weupe, rangi ilitofautiana katika vyeti hivyo kwa asilimia 1.2. Kwa weusi, asilimia 4.3. Kwa watoto wa jamii nyingine zote, asilimia 43.2. Sababu moja inaeleweka: siku ya kuzaliwa, rangi ya mtoto ilichukuliwa kutoka kwa wazazi wake; siku ya kufa, ilichukuliwa na jicho la aliyeshika kalamu. Hata hivyo mtu unabaki umeikodolea macho tarakimu hiyo. Mtoto ambaye hakufikisha mwaka duniani, ambaye pengine hakuwahi kusimama dede, aliingia akiwa wa watu fulani na kutoka akiwa wa watu wengine. Mama yake hakuambiwa. Angeambiwa na nani, na siku gani?

Waliopotea kwa wingi kuliko wote ni wenyeji asilia wa nchi ile. Elizabeth Arias na wenzake wa Kituo cha Kitaifa cha Takwimu za Afya wamefuatilia suala hili kwa miaka mingi. Njia yao ni rahisi kueleza: wanawachukua watu waliohojiwa na serikali wakiwa hai wakataja rangi zao wenyewe, kisha wanasubiri, kisha wanatafuta vyeti vyao vya kifo. Katika ripoti yao ya 2016, weupe na weusi walikuwa wameandikwa sawasawa karibu wote. Kwa Walatino na kwa Waasia, kosa lilikuwa kama asilimia 3. Kwa wenyeji asilia lilikuwa asilimia 40.

Chukua mfano wa kubuni ili uzito wa kosa hilo uonekane. Kuna watu elfu moja, na kwa mwaka wanakufa 14. Fomu zinawatambua 10, na wanne, yaani asilimia 40 ya waliotambuliwa, wanaandikwa weupe. Mtafiti anapiga hesabu yake kwa uaminifu wote na kupata kwamba watu hawa wanakufa kidogo kuliko majirani zao wanaokufa 12 kwa kila elfu. Anaandika kwamba wana afya njema. Haya si mawazo ya kutisha watu tu. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba tarakimu ghafi ziliwapa wenyeji asilia nafuu kubwa dhidi ya weupe, na zilipokwisha kusahihishwa nafuu ile iligeuka kuwa hasara kubwa. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi mtu aliyefungua jedwali bila kujua kilichomo angeweza kuamini kwamba jamii iliyokuwa ikizika sana ndiyo iliyokuwa ikiishi sana.

Kosa hilo pia halikutapakaa kila mahali kwa kiwango kimoja. Anayefia ndani ya eneo lililotengwa kwa watu wake, ambako mwenye kampuni ya mazishi anajua koo na makabila, huandikwa vizuri zaidi. Anayefia mjini, mbali na kwao, akiwa na jina la Kiingereza au la Kihispania, huyo ndiye anayegeuzwa. Nadhani kila mhamaji anaielewa hali hii. Kuna wa kwenu wanaokujua kwa baba na babu, na kuna mji ambako unajulikana kwa kutazamwa tu.

Kwa sababu ya kosa hilo, kituo kile cha takwimu kilikaa miaka mingi bila kuchapisha jedwali la umri wa kuishi la wenyeji asilia. Waliogopa kutangaza tarakimu wasiyoiamini, na siwalaumu kwa hilo. Jedwali lao la kwanza lilikuwa la mwaka 2019, baada ya kutafutwa njia ya kufidia waliopotea. Lilionyesha miaka 71.8. Kisha ikaja korona. Makadirio ya 2021 yalishuka hadi miaka 65.2. Fikiria watu ambao mara tu walipoanza kuonekana kwenye daftari ndipo walipoonekana wakianguka.

Mwanzoni mwa janga lile, kituo cha afya cha wenyeji asilia kilichoko Seattle kiliomba vifaa vya kujikinga. Kililetewa mifuko ya kubebea maiti. Abigail Echo-Hawk, Mpawnee anayeongoza taasisi ya utafiti wa afya ya wenyeji asilia waishio mijini katika mji huo huo, alichukua mfuko mmoja wa aina ile akaushona gauni la kimila lenye riboni. Mwanamke huyu ameshinda miaka akipigania jambo ambalo wengine wanaliona la makarani: kwamba watu wake waandikwe wao, wakiugua na wakifa. Kuwafuta kwenye takwimu amekuita mauaji ya halaiki ya data. Neno ni zito, na wapo watakaosema limezidi. Mimi nikikumbuka wale wanne wa kila 14 katika mfano wangu, naona vigumu kumpunguzia.

Waswahili husema kifo cha wengi harusi. Hatumaanishi kwamba kifo ni furaha. Tunamaanisha kwamba msiba ukiwa wa watu wengi, mfiwa hajioni amechaguliwa peke yake. Anatazama kushoto anamwona mwenzake, anatazama kulia anamwona mwingine, mzigo unagawanyika. Takwimu, kwa namna yake kavu, hufanya kazi ya namna hiyo kwa taifa zima. Inamwambia mama aliyefiwa na mwanawe kwa sukari kwamba wapo kina mama wengine maelfu, na kwamba hilo si mkosi wa nyumba yake. Watu ambao wafu wao wameandikwa kwa jina la watu wengine wananyimwa hata hiyo. Kila nyumba inalia kivyake, na daftari la nchi linasema hakuna kilio kikubwa upande ule.

Kuna utafiti mwingine ambao kila nikiurudia unanikosesha raha. Mwaka 2011, Andrew Noymer, Andrew Penner na Aliya Saperstein walilinganisha rangi iliyoandikwa kwenye vyeti vya watu waliokufa Marekani mwaka 1993 na rangi iliyotajwa baadaye na ndugu zao katika mahojiano. Walikuta kwamba sababu ya kifo yenyewe iliivuta kalamu. Aliyekufa kwa ini kusinyaa, ugonjwa ambao watu huuhusisha na ulevi, alielekea zaidi kuandikwa mwenyeji asilia hata kama ndugu zake walisema si hivyo. Aliyeuawa alielekea zaidi kuandikwa mweusi. Hakuna aliyekaa mahali akapanga. Ni mjazaji mmoja hapa na mwingine kule, kila mmoja akiwa na picha kichwani ya nani hufa kwa nini, na kifo kinapofanana na picha, marehemu anavishwa rangi ya picha. Halafu tarakimu zinajumlishwa, zinachapishwa, zinasomwa na mjazaji wa kesho, na picha inakolea.

Kwa hiyo kosa linakwenda pande mbili kwa pamoja. Vifo vya kawaida vya wenyeji asilia, vya moyo na saratani na uzee, vinaandikwa vya wengine, na vifo vya aibu vya wengine vinaletwa kwao.

Niliwahi kuombwa kwenda kuwa mkalimani wa familia moja ya Kikongo katika mji wa katikati ya Marekani. Marehemu alikuwa mama wa Kibembe, mzaliwa wa Fizi, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani. Aliyekaa mezani kujibu maswali alikuwa kaka yake, mzee wa koti lililompwaya, na pembeni yake mpwa wa kiume aliyekuwa na simu iliyojaa picha za hati. Mtu wa kampuni ya mazishi alikuwa muungwana. Alitoa pole, akaleta maji, akafungua kompyuta.

Jina lilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwenye kadi ya ukimbizi jina la baba lilikuwa limekaa mahali pa jina la ukoo. Kwenye leseni yalikuwa yamepinduliwa. Kwenye kadi ya Hifadhi ya Jamii kulikuwa na herufi moja pungufu. "Ni yupi sasa?" aliuliza yule bwana, na mzee akajibu kwa utulivu, "Mwambie wote ni dada yangu." Tarehe ya kuzaliwa: Januari Mosi. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Sisi nyumba nzima tumezaliwa siku moja," alisema. Ilikuwa hivyo kweli. Wasiokuwa na hati za kuzaliwa walipoandikishwa kambini walipewa mwaka wa kukisia na siku ya kwanza ya mwaka. Ukikaa na wakimbizi mwezi wa Januari unaweza kuipongeza mitaa mizima.

Kazi. Mama yule alikuwa amefanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama hadi mgongo ulipomshinda. Mpwa akataja kiwanda. Mzee akakataa: "Dada alilima. Fizi alilima, Nyarugusu alilima kabustani. Nyama ni ya hapa tu." Nikamweleza yule bwana, naye akasoma maelekezo yake, akakubali: kazi ya sehemu kubwa ya maisha. Akaandika mkulima. Nikaona mzee ameridhika, kana kwamba kitu kimerudishwa mahali pake.

Kwenye rangi hakuuliza. Nilisikia kitufe kikibonyezwa, na skrini ikaenda ukurasa mwingine. Mzee akanigusa: "Ameandika nini pale?" Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie ni Mbembe." Nikamwambia. Yule bwana akajibu kwa upole kwamba kompyuta yake haina mahali pa hilo, na akaahidi kuwa Kongo imekwisha kuandikwa kwenye mahali pa kuzaliwa.

Kwa kanuni za serikali hakukosea. Mama yule alikuwa mweusi, na rekodi za weusi, kama nilivyosema, ni miongoni mwa zilizo sahihi kabisa. Ila usahihi huo una tumbo kubwa. Ndani ya kisanduku kile kuna mjukuu wa watumwa wa Mississippi, kuna daktari Mnaijeria wa Houston, na kuna mama wa Fizi aliyekata nyama usiku. Maradhi yao si mamoja, chakula chao si kimoja, hata uoga wao wa hospitali una visa tofauti. Mtafiti anayewajumlisha atapata wastani ambao haumwelezi hata mmoja wao. Kamba pekee ya kumtoa mama yule humo ni ule mstari wa mahali pa kuzaliwa. Ukiandikwa "Africa" tu, kama nilivyokwisha kuona mahali pengine, kamba imekatika.

Na lile suala la jina na Januari Mosi halikuishia kwenye tabasamu la mzee. Marekani ina Faharasa ya Kitaifa ya Vifo, inayokusanya taarifa za kila kifo tangu 1979. Mtafiti aliyewaandikisha, tuseme, wagonjwa wa kisukari miaka 20 iliyopita hupeleka orodha yake huko, nayo kompyuta inalinganisha jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya Hifadhi ya Jamii, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Vikioana vya kutosha, mtu anahesabiwa amekufa. Visipooana, anahesabiwa yu hai. Sasa ipe kompyuta hiyo Juma Ali Hassan aliyeandikwa Hassan Juma hospitalini na Juma Aly kwenye cheti cha kifo. Ipe mwanamke wa Kilatino mwenye majina mawili ya ukoo, moja la baba na moja la mama, na kila ofisi imechagua lake. Ipe mtu asiye na namba ya Hifadhi ya Jamii kabisa. Joseph Lariscy alionyesha mwaka 2011 kwamba kweli rekodi za Walatino huunganishwa kwa ubora mdogo kuliko za weupe.

Kisha wapo waliorudi kwao. Mzee wa Kimeksiko aliyeumwa akapanda basi kwenda kufia kijijini, bibi wa Kikenya aliyesema hatazikwa kwenye theluji akakatiwa tikiti ya kwenda Kisumu. Walikufa, wakaliliwa, wakazikwa mbele ya watu. Lakini cheti cha Meksiko au cha Kenya hakifiki kwenye faharasa ile, na wataalamu wa takwimu wana jina la watu hawa: wasiokufa. Wanaendelea kuishi ndani ya utafiti. Wanafikisha miaka 90, wanapita 100, dawa walizokunywa zinaonekana za ajabu, kitongoji chao kinaonekana cha baraka. Wajukuu wanasoma khitma ya mwaka wa kumi na bibi bado ni mshiriki hai namba fulani.

Kwa Walatino jambo hili limezaa mjadala mrefu. Asili ya Kilatino iliingizwa kwenye fomu ya mfano ya kifo mwaka 1989 tu. Jedwali la kwanza rasmi la umri wao, la mwaka 2006, liliwapa miaka 80.6 na weupe wasio Walatino miaka 78.1, ingawa Walatino ni maskini zaidi na wengi hawana bima ya afya. Je, ni chakula, ni familia, ni kwamba wanaohama ni wale wenye nguvu? Au ni wasiokufa wetu hawa? Jedwali lile lilikuwa limekwisha kusahihishwa makosa ya vyeti, na nafuu ikabaki. Kwa hiyo si kila jambo jema linalosemwa juu ya maskini ni kosa la kalamu. Nafurahi kuliandika hilo.

Mtu mwenye busara anaweza kuuliza: kwa nini basi tusifute visanduku vyote? Rangi yenyewe ni jambo la kubuniwa, na historia ya kuwaandika watu kwa rangi haina mengi ya kujivunia. Ufaransa imechagua njia hiyo. Serikali haiandiki rangi ya mtu, hai wala maiti. Korona ilipoingia, wafanyakazi wa takwimu wa nchi hiyo walikuwa na kamba ile ile ya mama wa Fizi, yaani nchi ya kuzaliwa. Walipolinganisha Machi na Aprili 2020 na miezi hiyo ya 2019, vifo vya waliozaliwa Ufaransa vilikuwa vimepanda kwa asilimia 22. Vya waliozaliwa Afrika kusini mwa Sahara, asilimia 114. Watoto wa hao, waliozaliwa Paris na kufa Paris, hawakuonekana popote. Uingereza nayo wakati huo haikuwa na mstari wa asili ya mtu kwenye usajili wa vifo, kwa hiyo ofisi yake ya takwimu ililazimika kuunganisha vifo vya korona na sensa ya 2011 ili kuuona ukweli. Na ulipoonekana ulitisha. Kutokuandika hakukumwokoa mtu.

Nasi wa Afrika Mashariki tusijione watazamaji. Utawala wa Waingereza, Kenya na Tanganyika, uliwalazimisha Wazungu na Waasia kuandikisha vizazi na vifo vyao, na Mwafrika akaachwa nje kwa miaka mingi. Mwenye shamba akifa aliingia daftarini. Manamba wake waliokufa kwa homa mwaka huo huo hawakuingia. Babu zetu hawakuandikwa kwa rangi isiyo yao. Hawakuandikwa. Na mpaka leo wengi wetu hufia nyumbani, tukazikwa kabla ya alasiri kwa idhini ya mwenyekiti wa mtaa, na cheti kikafuatwa tu pale palipo na mirathi au akaunti ya benki.

Hata hivyo, kuna jambo moja tulilifanya vizuri ambalo ningependa wale wa visanduku 15 walijue. Mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima ulioanza Tanzania mwaka 1992, katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, ulitegemea mahojiano na wafiwa. Mhojaji alisubiri matanga yapoe. Alipokuja alibisha hodi, akatoa pole, akaketi, na hakufungua makaratasi mpaka mazungumzo yamefunguka. Kisha akauliza kwa kirefu: homa ilianza lini, alikohoa, alikonda, miguu ilivimba, mlimpeleka wapi kwanza. Aliyeulizwa ni yule aliyeosha, aliyelisha, aliyekesha. Wapo wafiwa ambao walikuwa hawajaulizwa na mtu yeyote ndugu yao alikufaje. Kwa saa nzima marehemu alisemewa na anayemjua.

Hilo halihitaji kompyuta mpya. Linahitaji kuulizwa, na wewe msomaji uliye ughaibuni unaweza kulidai. Siku ikifika ukakalishwa kwenye meza ile, usingoje swali la rangi. Litaje mwenyewe, pamoja na kabila kama kuna mstari wake. Mahali pa kuzaliwa taja nchi. Majina yapange kama yalivyo kwenye kadi ya Hifadhi ya Jamii, na kama kadi yenyewe ina kosa, sema hapo hapo. Omba uoneshwe fomu kabla haijatumwa. Ikiwa imekwisha kutumwa na ina makosa, ofisi ya usajili ya jimbo hupokea maombi ya marekebisho kutoka kwa ndugu, hata baada ya mazishi.

Na kama mzee wako amerudi nyumbani akafia huko, iwapo alikuwa kwenye utafiti wowote wa hospitali, waandikie uwape tarehe.